Kocha Gélase Sindayigaya, Aliyetufundisha Kulinda Mahali

Uwanjani, binti yako Amanda anamshika Kassim begani na kumsogeza nusu hatua kushoto, bila kusema neno, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, Papa. Kassim anasogea. Amanda anamgeukia Hatungimana, anamshika begani vilevile. Hatungimana hasogei.

Mwaka mzima umekwisha tangu tulipokutoa hospitali Lilongwe na kukurudisha kambini Dzaleka ukiwa kimya. Tulidhani leo tungekaa nyumbani, tusali, tupike kidogo, tukutaje. Lakini kesho timu yako ya lakrosi inacheza jijini. Ruhusa ya kutoka kambini imepatikana, gari limeagizwa, na ulinzi uliotuachia unavunjika mbele ya macho yetu. Kwa hiyo tumekuja wote uwanjani, na maneno haya tunakuandikia tukiwa tumekaa juu ya matofali nyuma ya goli.

Wengi walikujua kama fundi wa baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, yule Mrundi mpole wa karibu na soko, aliyezungusha gurudumu na kulisikiliza kabla ya kusema lina nini. Hukumwambia mtu kwamba ameharibu baiskeli yake. Ulisema, "Tuone kwanza," ukachutama, ukaona. Nyumbani ulikuwa vivyo hivyo. Thacienne, mkeo, anasema hukuwahi kumkatiza maneno, hata alipokuwa amekosea, na anakubali kwamba alikosea mara nyingi.

Lakrosi ilikukuta ukiwa mtu mzima. Wageni walileta vile vijiti virefu vyenye wavu mdogo kichwani, wakacheza na vijana siku chache, wakaviacha, wakaenda zao. Vijana walipenda kukimbia na mpira na kufunga. Wewe ulipenda kuwatazama wale watano wanaosimama mbele ya kipa. Ulitazama video kwenye simu bila kukijua Kiingereza chake, ukirudisha nyuma, ukipanga nati za baiskeli juu ya mkeka na kuzisogeza. Nyavu zilipokatika ulizisuka upya kwa kamba ya nailoni kutoka Mponela, na wavu wako ulishika mpira kuliko ule wa dukani.

Vijana walikuwa wamezoea kila mmoja kumkamata mtu wake na kumfuata popote. Wewe ukawaambia walinde mahali: wawili mbele, mmoja katikati, wawili nyuma, na yeyote anayeingia katika eneo lako ni mgeni wako. Timu ilikuwa na Warundi na Wakongo, na walikuwa wakipasiana wao kwa wao tu. Sisi tulidhani unafikiria mpira. Baadaye tukaelewa kwamba anayelinda mahali hachagui wa kumsaidia.

Ili waelewe haraka, ulichora maeneo hayo kwa majivu ya jikoni. Hapo tulikosea, na ni kosa la Dzaleka hasa. Hapa mtu akisogeza ua wake kidogo, jirani anamwita kiongozi wa bloku. Vijana walipoona mistari, waliona viwanja vya watu. Hakuna aliyethubutu kukanyaga kwa mwenzake. Mashindano ya kwanza Lilongwe, mshambuliaji mmoja mfupi aliliona jambo hilo. Akaenda kusimama palepale ambapo eneo la Kassim linagusana na la Hatungimana, akaomba mpira.

"Uyu iko wa nani?" Cadeau, kipa wetu, alipaza sauti.

"Haiko wangu," Kassim akajibu.

"Wala si wangu," akasema Hatungimana, kwa adabu kabisa.

Mpira ukaingia. Yule mfupi akarudi palepale, ukaingia tena. Watu walicheka sana, Papa, nasi tukatazama chini. Kwenye gari la kurudi Cadeau akasema, "Ku kambi bantu banapigania kiwanja. Ku mechi banakikataa." Wewe ndiye uliyeanza kucheka.

Asubuhi yake ulichukua ufagio, ukafuta majivu mwenyewe. "Mistari ilikuwa kosa langu," uliwaambia. "Mpaka hauna mwenyewe mmoja, una wenyewe wawili. Mtu akisimama pale, nyote mna mgeni." Hapo ndipo ulipofika. Shinikizo la damu lilikuangusha kabla hujafundisha kilichofuata.

Kassim na Hatungimana walibeba jeneza lako wakiwa bega kwa bega. Kassim ni Mkongo, Mwislamu wa Kindu kule Maniema, na kabla ya kulishika alikuja kumwomba Thacienne ruhusa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kuingia ndani ya nyumba.

Sasa hawasemezani. Katika mechi iliyopita Hatungimana aliacha katikati akaenda kumsaidia Kassim. Pale alipotoka pakabaki wazi, tukafungwa, tukashindwa. Ugomvi ulianza kwa mpira ukaishia kwenye asili za watu. Hatungimana, Mrundi mwenzako, alisema wachuuzi wa Maniema hawajui kutoka kwenye kibanda chao. Kassim akamjibu, "Kocha alikuwa wa kwenu. Siye tulikuwa tunalinda tu." Neno hilo lilituuma kuliko kufungwa.

Tangu siku hiyo wako watu wazima, wa pande zote mbili, wanaotaka vijiti vigawanywe. Warundi wachukue vyao, Wakongo vyao, ziwe timu mbili. Amanda, mwanao aliyeishika kazi yako, amepewa mechi ya kesho tu. Ulinzi ukivunjika tena, wataanza kugawana vijiti gari likirudi.

Mdogo wako Narcisse, ambaye nia yake ni njema siku zote, alimshauri arudishe ulinzi wa mtu kwa mtu. "Kila mmoja abebe wake," alisema. "Hawatahitaji hata kuongea."

Amanda alifikiri, unajua anavyofikiri, akitafuna kamba ya filimbi. "Basi, baba mdogo," akasema, "tutakuwa tumeshagawana."

Kwa hiyo leo, Hatungimana alipokataa kusogea, Amanda hakumgombeza. Alichukua kijiti, akaenda kusimama mwenyewe katikati ya wale wawili, akamwomba Narcisse ampasie mpira kutoka nyuma ya goli. Aliudaka, akafunga. Kassim alitazama pembeni. Narcisse akapasi tena, Amanda akafunga tena.

"Dada Amanda, unanimaliza bure," Cadeau alilalamika akiokota mpira wavuni. "Kesho we hauchezi."

"Waulize hao mimi ni mgeni wa nani," Amanda alisema.

Wachezaji wengine walishusha vijiti vyao. Kwenye matofali, Thacienne akaacha kuandika.

Mpira wa tatu ulipokuja, Kassim alijirusha akiwa amechelewa. Kijiti chake kilishuka juu ya vidole vya Amanda, na sote tulisikia mlio wake. Amanda alipiga goti, mkono ameubana kwapani.

"Umempiga binti wa Kocha," Hatungimana alisema.

"Mi peke yangu njo nilikuwa karibu?" Kassim alimgeukia. "Na we? We ulikuwa wapi?"

Thacienne alisimama. Alidhani ngumi zitapigwa. Hatungimana alimtazama Kassim, akautazama mkono wa Amanda.

"Nilikuwa nakungoja ushindwe," akasema.

Papa, hatujui wewe ungesema nini. Kassim hakumrukia. Alifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Njo ile nilikuwa naona," alisema. "Kila siku naiona. Nikakata tamaa ya kukuita."

"Ungeniita."

"Ungekuja?"

Hatungimana alichora chini kwa ncha ya kijiti, akakifuta alichochora kwa kiatu. "Sijui," akasema. "Pengine nisingekuja."

Amanda aliinuka. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kuvimba. Alikihamishia kijiti mkono wa kushoto, ambao hauwezi kitu, akarudi kusimama palepale. "Tena, baba mdogo."

"Mwanangu, mkono," Narcisse alisema.

"Tena."

Mpira ulikuja. "Hatu!" Kassim aliita, na safari hii wote wawili walikwenda, wa huku na wa kule, kwa pupa, bila kupimana. Waligongana mabega mbele ya Amanda, vijiti vikapandana, mpira ukadondoka miguuni mwao, na Cadeau akauwahi. Hatungimana alikuwa anaanguka. Kassim alikuwa amemkamata shati, na hakuliachia mpaka alipoona amesimama.

Vijana walianza kupiga makofi. Narcisse, ambaye nia yake ni njema siku zote, alichukua mpira mwingine, akatembea taratibu hadi pale Hatungimana alipokuwa amesimama mwanzo, katikati kabisa, mbele ya goli. Hapakuwa na mtu. Akautupia mpira wavuni kwa mkono.

"Na hapa mmemwachia nani?" aliuliza.

Wote waligeuka wakapatazama. Ndipo palipotufungisha mechi iliyopita, na pamebaki wazi vilevile. Amanda alipatazama kwa muda mrefu. Sisi tulijua anatafuta ungesema nini, na tulijua hatapata, maana hukutufikisha huko.

"Sijui," aliwaambia. "Wawili wakienda, mmoja wa mbele lazima arudi, lakini sijui ni yupi, wala arudi lini. Kesho alfajiri mje kabla ya gari. Tutaanzia hapo."

Tunapomaliza kuandika, jua limezama upande wa barabara kuu. Thacienne anamfunga Amanda vidole kwa kitambaa. Wengine wameshaenda kula nsima, ugali wa huku. Kassim na Hatungimana bado wako uwanjani, wanaoneshana kwa vijiti, wanabishana kwa sauti ya juu nani aende na nani abaki. Hatuwezi kukuahidi kwamba kesho ulinzi utasimama. Wanabishana vibaya, Papa, lakini wanabishana wakitazama mahali pamoja.

Tunaokukumbuka ni mkeo Thacienne, binti yako Amanda, mdogo wako Narcisse, dada yako Antoinette aliyeko Lilongwe, mama mkwe wako Nibigira, na vijana wote waliokuita Kocha.

Hatujakusahau siku hata moja, Gélase, wala hatutajaribu.