Hesabu ya Saa Tatu Asubuhi

3 Machi

Mwanangu,

"Barabara ya Viwandani haina watembea kwa miguu wa kutosha kustahili njia yao wenyewe." Ukurasa wa kumi na nne, aya ya pili, na chini yake jina lako na cheo chako: mratibu wa ombi la fedha za njia za miguu na baiskeli. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu rasimu mnayotaka wananchi waitolee maoni mmeibandika ghorofa ya tatu ya jengo la halmashauri, ukutani, mahali pasipo hata kigoda.

Haya, hujambo? Unakula? Mimi mzima, ila goti la kulia linanuna kila nikipanda ngazi, na juzi nilipanda ngazi za ghorofa tatu kwa ajili yako.

Sasa tuendelee. Haina watembea kwa miguu? Mwaka wa ishirini na mbili huu napita hapo kwenda kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na sijapita peke yangu hata siku moja. Napita na wauguzi wa zamu, wafagiaji, wanawake wa kiwanda cha samaki, vibarua wa bandarini. Ilikuwaje msituone wote hao? Nikamuuliza karani wa pale juu, waliohesabu walisimama saa ngapi? Akafungua jalada, akalamba kidole. "Saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, mama."

Saa tatu! Saa tatu mimi nimeshatoa mashineni shuka za wodi nne. Mmewahesabu wapita njia wakati wapita njia wako kazini. Ni sawa na mtu kwenda shuleni Jumapili, kisha aandike kwamba mji huu hauna watoto.

Na njia tatu mnazotaka kujenga ni nzuri, sikatai. Miti pande zote, baiskeli upande wake, miguu upande wake. Lakini zote tatu mmezipeleka ufukweni, kwa wanaotembea ili tumbo lipungue. Nao watembee, siwaonei kijicho. Ila wao wakichoka, gari limeegeshwa palepale.

Ombi linafungwa tarehe 30 Aprili. Hilo nalo nimelisoma. Rekebisha.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Naomba ulipumzishe, ingawa najua ninaomba lisilowezekana. Huku makao makuu ya mkoa mimi ni mzima. Kuna joto na vikao, na vikao vina joto zaidi.

Ndiyo, niliandika mimi. Watu walihesabiwa siku tatu, kwa fomu za mfuko unaotoa fedha, na kila fomu ina sahihi. Viwandani walipita watu arobaini na mmoja. Ufukweni, mia sita na kumi na wawili. Mfuko hautoi kwa huruma, Shangazi, unatoa kwa takwimu. Tukiwapelekea barabara yenye watu arobaini na mmoja watatucheka, na mji utakosa hata zile njia za ufukweni.

Jingine nakuambia wewe tu. Mkataba wangu hapa ni wa miezi sita, unaisha Juni. Ombi likienda vizuri nitaajiriwa moja kwa moja. Mkuu wangu amelisema hilo mbele ya watu.

Kwa hiyo nakuomba, safari hii usiandike gazetini. Nakufahamu.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepoa, kwa hiyo jihadhari.

Gazetini sijaandika. Nimefanya baya zaidi: nimehesabu.

Nilichukua likizo ya siku mbili, Jumanne na Alhamisi, nikasimama kwenye daraja la mfereji pamoja na wenzangu wawili wa kufulia ambao zamu yao huanza mchana. Tulikuwa na vikapu viwili na vibanio vya nguo tulivyoazima kazini. Akipita mtu, kibanio kinatoka kikapu chekundu kinaingia cheupe. Baiskeli tulizihesabu kwa mistari kwenye gamba la boksi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja na nusu.

Basi ikawa burudani. Kibarua mmoja akasimama, "Mama, mnahesabu kura?" Nikamwambia tunahesabu miguu. "Basi mimi niandike mmoja tu, huu wa pili unauma." Muuguzi aliyetoka zamu akauliza kama akirudi jioni atahesabiwa tena. Mwenzangu akamjibu, "Dada, halmashauri haijakuhesabu hata mara moja, unataka mbili?" Wanawake wa samaki wakacheka mpaka wakazuia daraja, na dereva wa lori akatupigia honi kama vile barabara aliachiwa na babu yake.

Jumanne: watu elfu moja mia tatu themanini na sita kwa miguu, baiskeli mia mbili sabini na nne. Kwa saa mbili. Wewe umepata arobaini na mmoja kwa siku tatu, na nadhani kati yao mmoja ni yule anayeokota chupa, naye hupita mara sita.

Alhamisi tuliacha kuhesabu kabla ya muda. Unamkumbuka Mama Pacha, anayepiga pasi makoti ya madaktari? Yule aliyekuletea sare ya shule siku mvua iliponyesha? Alipita na baiskeli yake, akatupungia mkono, kibanio hatukuhamisha, tulichora mstari. Alikuwa hajafika mbali tuliposikia breki. Lori la kontena lilikuwa linapishana na jingine, na pale hakuna ukingo, kuna lami kisha mtaro. Likamsukuma akaangukia mtaroni. Amevunjika mtulinga, huu mfupa wa begani. Yuko wodi namba tano, analalia shuka nilizofua mimi, na analalamika kwamba hazikupigwa pasi vizuri.

Namshukuru Mungu kwamba analalamika. Nimeambatanisha karatasi za hesabu, na sahihi zetu tatu.

Shangazi yako


8 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Siku ishirini hujajibu. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika; hasira haihitaji kibali cha mkuu wako. Mama Pacha anakusalimu. Bado hawezi kuinua pasi.

Shangazi


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Mpe Mama Pacha pole yangu, na umwambie ile sare naikumbuka, ilikuwa na joto la pasi bado.

Sikukasirika. Niliona aibu. Zile saa nilizipanga mimi. Fomu ya mfuko inasema tu "siku ya kawaida ya kazi". Mimi nikaangalia gari la ofisi linatoka saa ngapi, wahesabuji wanakunywa chai saa ngapi, nikaandika saa tatu. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba kuna watu ambao siku yao ya kazi inaanza kabla ya yetu. Na mimi nimelelewa na mmoja wao tangu darasa la tatu. Kila asubuhi nilikuwa naamka nakuta chai kwenye chupa na wewe hupo.

Nilipopata karatasi zako sikuziamini, nikuambie ukweli. Wiki iliyopita nikaomba ruhusa, nikapanda basi, nikaja. Hukujua. Nilisimama upande wa pili wa daraja la mfereji na kidude cha kubonyeza cha kuhesabia, asubuhi mbili. Asubuhi ya pili nikakuona unakuja katikati ya watu, umebeba viatu vya kazini mkononi, unabishana na mtu. Nilitaka kukuita. Lakini ningekuita ningepoteza hesabu, na nyuma yako walikuwa wanakuja wengi. Nikabonyeza. Ulikuwa wa mia nne na tatu.

Asubuhi hiyo moja nilipata zaidi yako: elfu moja mia nne na sabini.

Nimempelekea mkuu wangu. Akafunga mlango, akasema kwa upole, "Kijana, hesabu imeshafungwa. Ukiandika kwamba ya kwanza ilikosewa, umeandika kwamba wewe ndiye uliyekosea, na mimi nilitia sahihi kosa. Mtu wa namna hiyo sitamtetea Juni." Kisha akaniagizia chai.

Zimebaki siku tisa. Nifanye nini, Shangazi?

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu,

Wa mia nne na tatu. Nimeisoma sentensi hiyo nikaweka barua chini, nikaenda kuanika.

Unajua mimi naweza kumwambia mtu yeyote cha kufanya, hata asiponiuliza. Mhariri wa gazeti ni shahidi. Hili sikuambii. Kazi ni yako. Nilikuandikia "rekebisha" kana kwamba nakutuma dukani, wala sikufikiria ni nini unachoweka mezani. Ukiamua kunyamaza, nyumbani utakuja, utakula, na sitalitaja. Nitajaribu kutolitaja.

Shangazi yako anayekupenda


2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua uliahidi kutolitaja, na najua ungedumu siku mbili.

Nimeupelekea mfuko hesabu zote tatu: ile ya saa tatu, ya vibanio vyenu, na yangu. Nimeongeza ukurasa mmoja unaosema saa za mwanzo nilizipanga mimi na nilikosea, na nimetia sahihi yangu peke yangu. Njia ya Viwandani nimeiweka ya kwanza, kabla ya ufukwe.

Mkuu hakupiga kelele. Juzi nilipewa barua: mkataba hautaongezwa, na kuanzia sasa nakabidhi mafaili. Kazi ya mwisho waliyoniachia ni kuwapokea wajumbe watano wa kamati ya mfuko, wanaokuja kukagua mji wetu tarehe 17. Nimekaa na barua ile mfukoni tangu juzi, na nakiri nimeogopa. Nina miaka thelathini na moja, nirudi kulala kwenye kochi lako!

Ratiba hawakuniruhusu kuigusa. Wataondoka hotelini saa nne, kwa gari, wapite ufukweni, wale chakula cha mchana, waondoke.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Kochi lipo, na mto nimebadilisha foronya. Sitakuambia nilijuta, kwa sababu sikujuta kuhusu barabara. Kuhusu wewe nililia kidogo, kisha nikawaeleza wenzangu wa kufulia mpaka msimamizi akatutawanya. Njoo na vyeti vyako, tutatafuta kazi.

Kipande cha chini hiki si chako. Kichane hapa, na jioni ya kuamkia tarehe 17 ukiwapokea wale watano, wape mkononi kabla hawajalala.

Waheshimiwa wajumbe watano,

Hatujuani. Mimi nafua shuka za hospitali. Mmeletewa hesabu tatu za barabara moja, na mtaambiwa kwamba zinatatanisha. Hazitatanishi, moja ilihesabiwa tukiwa kazini. Aliyekiri hivyo amepoteza kazi, na mtu huyo ndiye aliyewapa karatasi hii.

Basi msingoje gari la saa nne. Tokeni hotelini saa kumi na moja alfajiri, mvae viatu msivyovionea huruma, mwende kwenye daraja la mfereji, mtembee nasi hadi geti la hospitali, kilomita tatu, upande ule yanakopita malori. Msiamini hesabu yangu, wala ya kijana wangu. Hesabuni nyinyi wenyewe. Mkifika getini, kabla hamjanywa chai wala kukaa kitini, andikeni jibu lenu, kama barabara hii ina watembea kwa miguu au haina, na kila mmoja wenu atie sahihi yake.