Karanga Zako Nilizokula

Mdogo wangu Salima,

Kuna somo moja la biolojia ambalo kila mwaka nalisogeza mbele mpaka nakosa pa kulisogeza. Wiki hii nimelifundisha. Linaeleza jinsi viumbe wanavyojenga miili yao kwa vitu vya kawaida kabisa: kaboni, hidrojeni, oksijeni. Muhogo unavuta kaboni hewani kwa majani, maji kwa mizizi, jua linapika, inatoka sukari. Sukari zikishikana nyingi, njo bugali yetu, ule ugali wa muhogo. Wanafunzi wanacheka wakisikia kwamba bugali ni hewa na maji. Nami nacheka nao, kisha nafika kwenye azoti, ile ambayo wengine wanaiita nitrojeni, na kicheko kinaniishia.

Wewe hukuwahi kukaa darasani, kwa hiyo acha nikueleze tangu mwanzo. Ulikuwa na miaka minne, mimi tisa. Vita ilipoingia Kindu, baba alikuwa ametoka asubuhi na hakurudi tena. Mama akatuchukua tukaingia msituni, njia ya Kailo. Alibeba sufuria, kitenge cha kukufungia mgongoni, na mfuko wa karanga za mbegu. Kwenye mashamba yaliyoachwa tulikuta muhogo. Muhogo hatukuukosa hata siku moja, na hilo njo lililotudanganya. Majani ya muhogo, ya kupikia sombe, yalichumwa na kila aliyekimbia mpaka miti ikabaki mitupu, na hata tulipoyapata, bila chumvi uliyatema. Samaki hakuna, maana mtoni kulikuwa na askari.

Kila siku mama alitugawia bugali na konzi ya karanga. Wewe karanga hukuzipenda. "Inaniumiza meno, yaya," ulikuwa unalalamika, na mimi dada yako, mjanja wa familia, nikaona nafasi yangu. "Leta karanga zako, chukua bugali yangu." Mama akigeuka tu, tunabadilishana. Ulikula ukalamba vidole, ukaniita yaya muzuri. Nami nilijiona nina roho nzuri kweli, maana tonge langu lilikuwa kubwa kuliko konzi yako. Tuliendelea hivyo mpaka mfuko ukaisha.

Kisha ukaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, ngozi ikang'aa. Watoto wote waliotuzunguka walikuwa mifupa mitupu, na wewe unanenepa. Mama alifurahi hadi akawa anakuonyesha kwa wenzake. Nywele zako zikageuka rangi ya kutu, nasi tukakutania: "Muzungu wetu huyu." Hukucheka. Ulikuwa umeacha kucheka, umeacha kucheza, unakaa tu pale ulipowekwa, na mimi nikadhani ni uzito wa shibe. Nilikuwa nabonyeza mguu wako kwa kidole, shimo linabaki, nakuonyesha ili ushangae. Siku uliyokufa mama alikuwa anatwanga muhogo wako.

Nilikuja kujua nikiwa mkubwa, nimekaa kwenye benchi la chuo hapa hapa Kindu. Mwalimu alieleza kwamba ili mwili ujenge nyama, damu na nywele, kaboni na wenzake hawatoshi. Lazima azoti iwepo, na binadamu anaipata kwa kula: maharage, samaki, karanga. Akasema mtoto anayelishwa muhogo mtupu anavimba maji, nywele zinabadilika rangi, na wasiojua wanasema amenenepa. Nikafunga daftari, nikatoka, nikatapika nyuma ya jengo. Wenzangu walidhani nina mimba.

Sasa wiki hii msichana mmoja wa dawati la mbele ameniuliza: "Madamu, si ulisema hewa sehemu kubwa njo azoti? Kwa nini muntu asiivute tu kwa pua?" Nikamwambia tunaivuta, lakini tunaitoa vilevile ilivyoingia, mwili hauna namna ya kuitumia. Wanaoweza ni vijidudu wanaokaa kwenye vifundo vya mizizi ya karanga. Wao wanaikamata na kuipa karanga, na karanga inatupa sisi. Nikageukia ubao, nikafuta mahali ambapo sikuwa nimeandika kitu. Salima, uliivuta mchana kutwa, mgongoni kwa mama, na haikukusaidia chochote.

Mama yupo. Nakaa naye hapa mjini, mtaa wa Kasuku. Magoti yanamsumbua, mdomo bado mzima. Miaka yote hii amejifariji kwa neno moja: "Wa kwangu hakukufa na njaa. Alikufa munene." Sijawahi kumkatiza. Jumapili alikuja jirani yetu aliyefiwa na mtoto. Mama akaacha ndizi alizokuwa anamenya, akamshika mkono, akamsimulia habari zako, halafu akanigeukia.

"Wewe njo unafundishaka mambo ya mwili. Mwambie. Mudogo wako alikufa na nini?"

Hakuwahi kuniuliza kabla ya siku hiyo. Alinitazama bila kupepesa, na nadhani nusu ya jibu anayo tangu zamani.

"Malaria, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akamwambia jirani, "Unasikia? Malaria." Akaendelea kumenya ndizi.

Sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mwenyewe. Sijalala vizuri tangu siku ile, nakula kwa kujilazimisha, na ukinisikia nikimkaripia mama kwa vitu vidogo ujue sababu ni hiyo. Nitamwachia malaria yake mpaka azikwe nayo. Kama ningemwambia ukweli ningelazimika kumwambia na habari ya yale mabadilishano, na sina moyo huo.

Lakini wewe siwezi kukudanganya. Ulikufa na njaa, mdogo wangu, tumbo limejaa bugali yangu, na mimi nimekua kwa karanga zako.

Ukae kwa amani huko msituni tulikokuacha.

Yaya wako