Lami Chini ya Rangi Nyekundu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kilosa

Jina: Costancia Petro
Umri: Miaka 41
Dini: Mkristo, Anglikana
Kazi: Mkulima wa mpunga
Makazi: Tindiga

Mimi ni mjane. Naishi na binti yangu Imani, mwenye miaka sita. Kisima chetu kina maji ya chumvi, kwa hiyo tunakunywa ya mvua, yanayotoka kwenye bati na kuingia kwenye tangi.

Mwezi Februari 2025 bati langu lilikuwa limeanza kushika kutu. Nilimwita fundi Cleopa kutoka Mikumi. Alikuja na vipande viwili vya bati alivyovipaka ili nichague. Kimoja kilikuwa cha lami. Alisema, "Hii inaziba kila tundu, mama, na haibanduki." Cha pili kilikuwa cha rangi nyekundu ya mapaa. Nilimwuliza kama maji ya kwenye lami yananyweka. Alijibu, "Hapana, hiyo ni ya stoo na mabanda." Nikachagua nyekundu. Nilimwambia kwamba mtoto wangu anakunywa maji ya bati hili. Alisema amesikia.

Siku ya kupaka nilikuwa shambani. Niliporudi bati lilikuwa jekundu, linang'aa. Nilimshukuru, nikampa na kuku wa kuondoka naye.

Mvua zilipoanza, maji yalikuwa na harufu. Nikadhani ni upya wa rangi. Baada ya siku chache Imani alianza kutapika na kushikwa na tumbo, nikamleta hospitali hapa Kilosa. Daktari aliniagiza nilete maji tunayokunywa. Aliyanusa, akaifunga chupa, akasema tusiyaguse tena. Imani hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe. Nilikaa kando ya kitanda chake nimeinamisha kichwa, watu wakadhani nasali. Nilikuwa namfikiria Cleopa.

Nilirudi Tindiga, nikapanda mwenyewe juu ya bati na kisu, nikakwangua. Chini ya nyekundu kulikuwa na lami iliyochanganywa na oili chafu.

Nilimpigia simu kwa sauti nzuri, nikamwambia kuna mahali panavuja. Mnamo tarehe 2 Aprili 2025, saa sita mchana, Cleopa alifika, akapanda. Niliitoa ngazi nikailaza chini. Nilimwita jirani yangu Lemayan, ambaye ni mfugaji, pamoja na waliokuwa wanapita. Jua lilikuwa kali. Cleopa akawa ananyanyua mguu huu, anashusha huu.

Alisema, "Mama Imani, rudisha ngazi."

Nilifunga kidumu cha maji ya tangi kwenye kamba, nikamrushia ncha. Nikamwambia, "Una kiu wewe. Kunywa kwanza."

Alikivuta, lakini hakukifungua. Lemayan alimwuliza mbona hanywi. Akajibu, "Haya siyo ya kunywa."

Nikamwuliza, "Nani kakwambia?"

Akasema mbele ya wote, "Rangi ilikuwa haitoshi, mama. Nikatanguliza lami. Sikujua mtoto ataumwa."

Nikamwambia, "Nilikuambia."

Lemayan aliinama achukue ngazi. Niliikanyaga. Nilimwambia asubiri, bado sijamaliza. Afande ameniuliza kama nilitaka Cleopa aumie. Ndiyo, nilitaka aumie. Cleopa aliruka upande wa migomba, akavunjika mguu wa kulia. Lemayan ndiye aliyetafuta gari la kumleta hospitali.

Amelazwa wodi ya wanaume. Imani bado yuko wodi ya watoto, ng'ambo ya ua, ameanza kunywa uji. Nikimpelekea napita nje ya dirisha la Cleopa. Kila nikipita ananiamkia, "Shikamoo, mama." Sijamwitikia, na sitamwitikia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: Costancia Petro

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni yake na ni sahihi. Nimemweleza kuwa kuhusu suala la ngazi ataandikiwa maelezo ya onyo, kama mtuhumiwa. Nimemwuliza kama angependa kuondoa maneno "nilitaka aumie". Amekataa.

Koplo Elia