Kumsuka Annie

Jumapili, 1 Novemba 1992
Watakatifu Wote. Kanisa nusu tupu, watu wa Kasai hawakuja. Wanaogopa, wanafukuzwa mji mzima. Baada ya misa nilimsuka Annie uani, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Mama alipita na beseni, akasema tuko kama mapacha. Mapacha! Mikono yangu ikiwa kwenye nywele zake hakuna anayeuliza kitu. Chumbani ni habari nyingine. Annie alininong'oneza kwamba vijana wamepiga mawe nyumba yao, kule Bel-Air. Eti warudi kwao. Kwao wapi? Kazaliwa hapa hapa Katanga. Baba yake na baba yangu waliendesha treni pamoja. Kasai yenyewe hajaiona hata kwa macho.

Jumatano, 4 Novemba
Kina Annie wametolewa. Mabati, milango, vyote vimebebwa! Familia nzima iko gare, kwenye kituo cha treni, chini ya turubai, inangoja treni ya Kasai. Nilimpelekea chakula, bukari na sombe. Alikula huku ameinamisha uso.
"Treni ikifika, minaenda na bamama," alisema.
Nililia njia nzima. Watu wakitazama, watazame.

Ijumaa, 6 Novemba
Nimepata! Mkatanga akioa, bibi yake haguswi. Na Donat, mdogo wangu, hajaoa. Amuoe Annie — ndoa ya mdomo tu! Atalala chumbani kwangu mpaka hali itulie. Nilimwomba Donat jikoni. Sikumwambia sababu yangu, nitamwambiaje? Akafikiri, akacheka.
"Kumbe atakuwa mulamu yako."
Wifi yangu! Nikacheka mimi pia. Mjinga mimi.

Jumanne, 10 Novemba
Annie yuko kwetu. Mama kamkubali upesi, anataka wajukuu. Usiku tunalala chumba kimoja na ninamsikia akihema, namshukuru Mungu.
Lakini leo Donat kaleta kitanda kikubwa. Anakipaka rangi mwenyewe, anapiga mluzi. Nikamvuta kando: si tulisema ya mdomo tu? Akashangaa kweli, maskini.
"Yaya, bibi ni bibi. Njo weye uliniomba."
Annie alisikia yote. Aliendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 14 Novemba
Leo jioni anaingia kwa Donat. Kwetu, dada wa bwana ndiye anamsuka bibi, ndiye anamshika mkono mpaka mlangoni. Yaani mimi.
Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia wakati mama yake Annie alipotuma mtu kutoka gare. Treni imefika! Inaondoka leo, nafasi ya Annie ipo. Mjumbe amesimama nje ya geti, anangoja jibu.
Annie hakugeuka.
"Unamalizia, ao unafumua?"
Nikamwambia akibaki nitamwona kila siku.
"Ku kitanda ya ndugu yako," alisema. "Nikienda, hautaniona tena. Sema weye. Miye shiwezi."
Nampenda, na sikuweza kusema! Kitana kikaanguka. Nikasema naenda kutafuta uzi, nikaingia ndani.
Honi ya treni inasikika mpaka huku. Donat anaoga, anaimba. Mama ametoka na kiti, amekaa karibu na Annie, anamsifia nywele.
Annie ananiita. Mama yupo, kwa hiyo ananiita mulamu.
"Mulamu, uzi iko wapi?"
Uko mfukoni mwangu tangu asubuhi.