Silinda za Breki Alizokutunzia Baba

Pasiansi, Mwanza
14 Agosti 1996

Mpendwa Kaka Machibya,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi Odeta mna afya huko Gaborone. Sisi tunapumua, ila nyumba imetuwia kubwa tangu tulipomzika Baba Misungwi. Ulinyimwa ruhusa kazini, hakuna anayekulaumu.

Matanga tulianua tarehe 3. Baba mdogo Shimba alitoa ng'ombe.

Sasa kuna jambo la gari lako, ile Pijo. Ulipoiacha hapa, Baba alihofia unyevu wa ziwa utatia kutu breki. Akafungua silinda zote, akazitia mipira mipya, akazipaka mafuta ya breki ndani, akaziba matundu kwa vijiti na kuzifunga katika karatasi. Zilikaa ndani ya sanduku la bati juu ya kabati. Kila mwaka alizifungua akasukuma pistoni zisigande.

Alipopooza, Mama akaichukua kazi hiyo. Kila asubuhi Baba aliuliza, "Vitu vya mtoto vipo?" Mama alimjibu, "Vipo, tena vinang'aa kuliko wewe." Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kicheko kingine hakuwa nacho.

Juzi nilifungua sanduku. Mama alizipaka mafuta ya mgando, yale aliyotupaka tukienda shule, nje na ndani. Mafuta hayo hula mpira, lakini nani angemwambia? Mipira yote imevimba na kulegea kama andazi lililolowa chai. Baba ameondoka bila kujua. Mama naye hajui. Nimezifunga tena kama nilivyozikuta.

Nimetafuta mipira mjini kote. Hata kwa Bwana Gaurav, alikonunua Baba, rafu zimejaa vipuri vya Toyota hizi zinazotoka Dubai. "Pijo imekufa, dada," aliniambia, kisha akanipa pole ya Baba.

Nakuomba, ukija Desemba, uje na mipira hiyo mfukoni. Vipimo nimeandika nyuma ya karatasi hii. Nitaifunga mwenyewe, Baba alinifundisha. Mama asijue. Anasema siku utakapoliwasha gari atakaa kiti cha mbele hadi Misungwi, akamwambie Baba kaburini kwamba breki zimeshika.

Msalimie wifi na watoto. Mdogo wetu Selina na baba mdogo wanawasalimu. Mungu awalinde hadi tuonane.

Mama ameketi hapa kando yangu. Ameniagiza nikuandikie kwamba vitu vyako viko salama. Basi nimeandika.

Dada yako akupendaye,
Evelina