Mtu Mzima Haulizwi Kikombe

4 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo kama ungeandika wewe kwanza, na hukuandika. Mimi mzima. Magoti ndiyo yanagombana na ngazi, na jicho moja linaona, la pili linasindikiza. Wewe je? Unakula, au bado mnakunywa chai mmesimama huko hospitali kama mnafukuzwa? Simu usinipigie, nasikia vuu vuu tu. Andika.

Nakuletea baba yako mdogo. Atafika Jumatatu. Tangu mwezi uliopita anaamka na kichwa kinamuuma, anatapika, kisha anakwenda karakana kuchomelea milango kama hakuna kitu. Juzi alianguka hukohuko, mwili mzima ukatikisika, wenzake wakawahi kuzima mashine. Jirani akasema karogwa. Nikamwambia arogwe yeye kwanza, tuone kama kuna mtu wa kupoteza uchawi wake kwake. Zahanati wamesema apigwe picha ya kichwa.

Wewe si ndiye unayefanya kazi kwenye vichwa vya watu? Basi angalia. Ukiona kitu niambie mimi, na usinipake asali. Na kikiwepo, wakitoe chote. Mimi nikipalilia sibakizi mzizi.

Baba yako nilishamzika. Huyu ndiye aliyebaki.

Bibi yako

14 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti na ngazi wamepatana. Mimi mzima, na leo nimekula nimekaa.

Asali sina. Baba mdogo ana uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Daktari mpasuaji akiitazama picha anaamini ni saratani, ile kali. Uhakika utapatikana kipande kikiangaliwa kwa darubini. Uvimbe wa namna hii hauponi, Bibi. Unarudishwa nyuma tu, nao unarudi tena.

Umekaa jirani na mahali ambapo ubongo unatunza maneno. Ndiyo kazi ya utafiti wetu hiyo. Mgonjwa analazwa usingizi, fuvu linafunguliwa, kisha anaamshwa. Usishtuke, ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mimi nakaa karibu na uso wake namwonyesha picha, anataja anachokiona, huku daktari anagusa ubongo kwa kijiti chenye umeme mdogo. Mgonjwa akikwama, daktari anajua hapo pana maneno. Tena kabla ya hapo anakunywa dawa inayofanya uvimbe ung'ae rangi ya waridi chini ya taa ya buluu, mpaka uonekane. Tunatafuta kujua kama njia hizi mbili pamoja zinaweza kutoa uvimbe mwingi zaidi bila kumharibu mtu.

Lakini baba mdogo hasemi. Namwonyesha kikombe, namuuliza hiki nini, ananitazama tu. Kiti, anageukia dirishani. Daktari anasema kama maneno yameshakwenda hawezi kumpasua hivi. Atachukua kipande cha kupima na kumfunga. Ajabu ni kwamba jioni nilimsikia akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba bawaba za mlango wa wodi zimefungwa na mlevi.

Tutampima mara moja tu tena, mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Mjukuu wako

20 Februari

Wewe mtoto,

Salamu zako nimezipata, afya yangu iache kwanza. Ulilelewa na nani wewe?

Mtu mzima, fundi, nusu ya milango ya mtaa huu kaichomelea yeye, wewe mtoto wa kaka yake unamnyanyulia kikombe unamuuliza hiki nini? Tena na wenzako wamesimama na makaratasi! Angekujibu ningemkana. Nilimfundisha mwenyewe: anayekuuliza kitu anachokijua anakuchezea, usimjibu. Mtu mzima haulizwi kikombe. Karakana nzima wanamwita Kufuli, ulidhani ni kwa sababu ya vyuma?

Sasa msomee haya, kwa sauti, na wenzako wasikie:

Wewe Kufuli. Mama yako anasema ukiulizwa kikombe, sema kikombe. Ukiulizwa kiti, sema kiti. Hawakudharau, wanatafuta njia ya kupita kichwani mwako bila kuvunja vyombo. Ukinyamaza nitakuja mwenyewe, na unajua nikija naongea.

Na wewe mjukuu, ukimfungua kichwa usimwonyeshe vikombe tu. Muulize mambo ya kumchokoza. Muulize kwa nini mlango wa muuza nguo uling'oka kabla rangi haijakauka. Muulize kwa nini aliacha shule, maana mimi hajawahi kuniambia. Hapo atasema.

Na nimeshasema. Chote.

Bibi yako

9 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Mimi nimechoka, ila mzima.

Nilipomsomea maneno yako alicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Kisha akataja picha zote bila kukosa, kwa uso wa mtu anayelipa faini. Amepasuliwa Jumanne.

Nilikuwa chini ya shuka la kijani, uso wangu karibu na wake. Tulipomaliza picha nikamuuliza habari ya mlango. Akasema, "Mama muongo. Haukung'oka, uligongwa na gari." Daktari akaniomba nisimchekeshe. Yakaendelea vizuri kwa muda mrefu, nikisikia mashine inanyonya na sauti yake inasimulia juu ya vyuma vibovu.

Nikamuuliza ya shule. Akasema, "Nilipita karakana, mlango uko wazi, nikaona…" Akasimama. Midomo inakwenda, sauti hakuna, macho yananitazama yameogopa. Daktari akainua kijiti. "Cheche," akasema baba mdogo. "Niliona cheche. Sikurudi darasani." Daktari akagusa tena, akakwama tena. Na chini ya taa ya buluu palepale palikuwa bado pana waridi.

Daktari aliacha hapo. Kimebaki, Bibi.

Usimlaumu. Siku moja kabla alimuuliza baba mdogo, nami nipo: uvimbe ukishikana na maneno, tuendelee au tusimame? Akajibu neno moja, "Msimame." Kipande kimepimwa, ni ile kali kuliko zote. Kingine amekubali kibaki maabara kwetu tujifunze. Atapata mionzi na vidonge. Wengi wenye ugonjwa huu hupata mwaka na kidogo. Wengine zaidi, wengine hawafiki.

Mjukuu wako

18 Machi

Nimesoma.

Nilisema chote. Kwani hakuwa na mama wa kuulizwa? Heri mwana bubu anayekula mezani kwangu kuliko msemaji aliye chini ya udongo.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mama yake

2 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua umenikataza. Natumaini u mzima, hata kama hutaki niulize.

Baba mdogo amemaliza mionzi, anarudi kwako Jumamosi. Nywele zimenyonyoka upande mmoja, usimtanie siku ya kwanza. Vidonge nimemfungia. Akitapika sana au mkono ukilegea, mleteni.

Nilimuuliza daktari kuhusu lile neno lako, chote. Tungeendelea kukata, angeishi zaidi? Akasema labda, miezi kadhaa, hajui. Hakuna anayejua bado, ndiyo maana tunatafiti. Sina jibu bora kuliko hilo.

Maneno yakimkwama usimmalizie. Msubiri.

Mjukuu wako

21 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na ukatazwe au usikatazwe unaandika. Shingo hiyo ngumu najua imetoka wapi, sitailaumu.

Mmemfanya nini huyu mtu? Hanyamazi! Asubuhi nakuta kashaamka, anaanza. Bei ya chuma. Ndoto. Mwalimu wake wa hesabu alivyokuwa na masikio. Hata baba yako alivyokuwa anaiba sukari na yeye ndiye anapigwa, nimejua mwaka huu. Nikamwambia, wewe Kufuli, miaka yote hii ulikuwa umeyaweka wapi? Akasema, "Mama, ulikuwa unaongea wewe."

Adabu hana. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Juzi kijiko kilimponyoka mkono wa kulia. Akakiokota kwa wa kushoto, nikajifanya sikuona.

Bibi yako

11 Mei

Mjukuu wangu,

Ulipoondoka baada ya mazishi hatukusema vizuri, watu walikuwa wengi. Natumaini ulifika salama na umerudi kazini. Mimi nipo.

Nataka ujue jambo moja ambalo sikulisema mbele za watu.

Mwezi wa tatu maneno yalianza kumtoka. Kwanza majina ya vifaa vyake, kisha ya majirani. Asubuhi moja namgombeza, kisa mto, kaulalia vibaya shingo itauma, nimemwambia mara ngapi. Akainua ule mkono mzima. Akasema, "Mama. Nyamaza kidogo. Nataka kusema."

Mimi hajazaliwa mtu wa kuniambia ninyamaze. Hata babu yako hakuthubutu, na alikuwa na panga.

Nikanyamaza. Nikakaa pembeni mwa kitanda, akaanza kusema. Polepole, mjukuu wangu. Anatafuta neno, analikosa, anazunguka kwingine, anarudi nalo. Chai ikapoa, jua likahama kutoka ukutani mpaka sakafuni. Mdomo wangu uliwasha, lakini sikummalizia hata neno moja.

Aliyosema ni yangu. Usiniulize, na kwenye utafiti wenu msiyaandike. Kesho yake aliita "mama" tu, na baada ya hapo akawa ananishika mkono.

Wewe unataka nikwambie nilikosea. Sitasema. Bado nilitaka mtoe chote, na ukimuuliza mama yeyote atakujibu hivyohivyo. Kile kipande chake kikae kwenu, mkitazame mpaka kiwaambie kitu.

Ukimwona yule daktari, mwambie mama wa yule fundi wa milango ameuliza hali yake. Mwambie pia ale amekaa.

Bibi yako