Gazeti Linaomba Radhi kwa Marehemu

Nyumba ya Gazeti,
Chumba cha mbele.
Jumatatu, asubuhi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limeacha kukutabiria mvua. Mama Mdogo hajambo? Sisi huku hatujambo. Mama ameanza tena kugombana na muuza maziwa, kwa hiyo ujue anapata nafuu. Mimi nanuka wino kuanzia kichwani hadi kwenye soksi.

Barua yako niliipata. Uliuliza mazishi ya kaka yako yalikuwaje, kwa kuwa hukuwahi kufika. Pia ulishauri tuuze mtambo wa kuchapia na kulifunga gazeti, maana mtambo ni wenu wawili na mwenzako hayupo tena. Nitajibu yote mawili, ila ukishasikia la kwanza, la pili utalijibu mwenyewe.

Watu walijaa hadi barabarani. Walikuja hata wale aliowaandika wakanuna mwaka mzima. Sifa zilimwagika mpaka nikajiuliza tunamzika nani. Baba yangu ninayemjua mimi alikuwa mbishi, mkoromaji, na hakuna mkate uliopita nyumba hii bila alama ya kidole chake chenye wino. Kila jioni alitusomea mezani habari za toleo linalofuata, na Mama akipiga miayo, aya hiyo ilikatwa bila rufaa. Ndivyo tulivyolelewa. Tulijua bomba gani la mtaa limepasuka kabla hatujajua kujumlisha.

Sasa sikia. Mwenyekiti wa soko, yule anayetupa nusu ya matangazo yetu, alisimama kando ya kaburi akasema kwamba marehemu, kabla ya kufumba macho, aliridhia ule uwanja wa watoto nyuma ya zahanati ujengwe maduka. Nilijua si kweli. Lakini nani abishane kaburini?  Na Miwani, mpanga kurasa wetu, kwa uchungu aliokuwa nao aliichapa hotuba yote kama ilivyosemwa, tena ukurasa wa mbele. Wahenga walisema kufa kufaana, na mimi nimeyaona hayo kwa macho.

Tangu hapo kila anayefungua mdomo kuupinga mpango huo anazibwa kwa jambo moja: hata mzee wa gazeti alikubali! Mkutano wa mtaa wa kukata shauri ni Alhamisi hii. Na ukweli ni kwamba kwenye mkutano uliopita kaka yako alisimama na homa yake, mbele ya mwenyekiti huyohuyo, akasema mtoto asiye na uwanja atachezea barabarani, na yeye hatakubali kamwe. Mshona nguo alikuwapo. Kinyozi alikuwapo. Nami nilikuwapo, nimemshikia koti.

Unaikumbuka sheria yake ya masahihisho. Wengine hukiri kosa kwa herufi za kusomwa na sisimizi, chini ya tangazo la vitanda. Yeye alisema kosa lililosimama mbele haliwezi kuombewa radhi limejificha nyuma. Siku niliyozaliwa alikimbilia mtamboni kwa furaha kabla hajanitazama vizuri, akatangaza kwamba mhariri amepata mtoto wa kiume. Toleo lililofuata, juu kabisa, ukurasa wa mbele: “Mtoto wa mhariri ni wa kike. Gazeti linaomba radhi kwa mtoto.” Wewe mwenyewe umenitania kwa hilo hadi leo.

Sheria yake ya pili ilikuwa kumsikiliza kwanza anayehusika. Basi juzi nilikwenda kwa mwenyekiti. Alinikaribisha chai, akacheka.

“Kwani binti yangu, marehemu amelalamika?”

“Hajalalamika,” nikamwambia. “Ndiyo maana nimekuja mimi.”

Akanikumbusha habari za matangazo yake. Nikamshukuru kwa chai, ambayo sikuinywa, nikaondoka.

Jana jioni nilikaa kwenye kiti cha Baba. Tangu mazishi hakuna aliyekigusa, na Mama alinitazama nikikaa. Nikamsomea nilichoandika. Hakupiga miayo. Nilipofika pale niliposema “mtu mmoja alitamka kaburini,” akanikatiza.

“Mtu mmoja ndiye nani? Baba yako hakuandika hivyo. Mtaje.”

Nikamtaja, na cheo chake. Nililia kidogo, sikufichi, kisha nikamalizia sentensi.

Kesho tunachapa, Jumatano gazeti linatoka. Mahali palepale, kwa herufi zilezile, kutasomeka kwamba tuliandika, kwa kauli ya mwenyekiti wa soko, kuwa marehemu aliridhia uwanja ujengwe maduka. Hakuridhia. Alikataa mbele ya mkutano. Gazeti linaomba radhi kwa marehemu.

Kwa hiyo Baba Mdogo, mtambo siuzi. Matangazo yakikatika tutachapa kurasa mbili badala ya nne, na zikishindikana mbili tutachapa moja, mradi ni ile ya mbele. Nusu yako siwezi kuiamuru, wewe ni baba yangu. Nakuomba tu uiache hapa ilipo, ifanye kazi.

Miwani anakusalimu, bado hajajisamehe, na kesho anataka aushike yeye mkono wa mtambo. Mama anakusalimu pia, anasema goti si sababu ya kutokuja kutuona. Mpe Mama Mdogo salamu zangu, na wale pacha wabusu, kila mmoja kwa zamu yake wasigombane. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na wewe akuongezee siku nyingi za kubishana nami.

Mwanao akupendaye, wa kike kama ilivyosahihishwa,

Mhariri.